Ngozi Yangu na Chapati za Bi Kidawa

Daktari wa kwanza hakunitazama sana. Aliniuliza nyumbani tunalala wangapi, nikamwambia, akaandika dawa ya upele ya kupaka nyumba nzima. "Hata asiyewashwa apake," alisema. Jioni ile mume wangu Khamis akatandika mkeka uani kwetu Mpendae, tukapakana mmoja mmoja kuanzia shingoni mpaka nyayoni. Dawa yenyewe nyeupe kama chokaa. Watoto wetu wawili walitazamana wakacheka mpaka wakagaragara chini. Bi Kidawa, mama yake Khamis, ambaye alikuwa akikaa nasi tangu mume wake wa pili alipofariki, alikataa kuguswa na mtu ila mimi.

"Ntapakwa na Salma," alisema. "Nyie mtanipaka kama mnapaka ukuta."

Tulichemsha mashuka, tukaanika magodoro, tukanuka dawa wiki nzima. Mwisho wake, wenzangu hawakuwa na upele tangu mwanzo, na mimi niliyekuwa nao nilibaki nao.

Naandika haya kwa sababu najua mahali fulani yupo mtu aliyevaa mikono mirefu katika joto la kaskazi, anajikuna kiwiko chini ya meza, na keshapewa majina matano ya ugonjwa wake. Mimi nilipewa upele, nikapewa fangasi, nikapewa pumu ya ngozi, nikapewa mzio wa sabuni, nikapewa jini. Kila jina lilikuja na dawa yake ya kupaka au ya kunywa, na kila mara nikirudi nyumbani na tumaini jipya.

Ulianza mvua za masika zilipokuwa zinaondoka. Kwanza viwiko, kisha magoti, kisha matakoni, kisha nyuma ya shingo pale ushungi unapokaza. Ukitoka kulia unatoka na kushoto. Ngozi inaanza kuunguza kama mtu kakupitishia upupu, halafu vinatokea vilengelenge vidogo vilivyokusanyika mahali pamoja kama punje za mtama, vimejaa maji. Havikai. Muwasho wake haukupi nafasi ya kufikiri. Unajikuna, vinapasuka, na unapofika kwa daktari huna cha kumwonyesha ila magamba na mikwaruzo. Hapo ndipo unaambiwa, "Mwalimu, acha kujikuna."

Na kitu kingine. Ukutani kwenye vyumba vile vya kungojea kulikuwa na picha za maradhi ya ngozi, na watu wote wa kwenye picha walikuwa weupe, na vipele vyao vyekundu kama nyanya. Nikitazama mkono wangu natafuta wekundu siuoni. Mimi ni mweusi. Kwangu kulitokea rangi kama ya zambarau iliyokolea, halafu kijivu kama jivu la kuni, halafu doa jeusi ambalo halikuondoka. Nikajiambia basi langu si ugonjwa, mbona halifanani na lolote.

Nasomesha darasa la tano. Kwa muda niliandika ubaoni kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukikuna kiunoni, nikidhani watoto hawaoni. Waliona. Wakasema kwao, na wazazi wakaja skuli. Mwalimu mkuu alinikalisha ofisini kwake, akazunguka na maneno mpaka nikamwonea huruma.

"Mwalimu Salma, si mimi. Wazazi wanaogopa watoto wataambukizwa."

"Kwani mie ntafanya nini, Mwalimu?"

"Upumzike kidogo na darasa. Utusaidie kupanga vitabu stoo."

Nikapanga vitabu stoo. Niliporudi nyumbani siku ile sikumwambia mtu. Bi Kidawa alinitazama usoni mara moja, akaingia jikoni, akatoka na chapati mbili za moto na mchuzi wa kunde za nazi. "Kula kwanza," akasema. "Maneno hayapoi."

Lazima nikuelezeni chapati za Bi Kidawa. Alifiwa na mume wa kwanza akiwa kijana, na watoto wawili mgongoni, Khamis na dada yake Zuwena. Akakaa barazani na jiko la mkaa na kibao cha kusukumia, na chapati hizo ndizo zilizowasomesha wote wawili. Zilikuwa laini, tabaka juu ya tabaka, ukizishika zinaachana zenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuumwa nyumbani kwetu asiletewe chapati ya Bi Kidawa. Kwake yeye unga, samli na mkono wa mama vilikuwa tiba, na mimi nilipozidi kukonda alizidi kupika. Asubuhi maandazi ya iliki, jioni chapati. Nikisema nimeshiba, ananiambia nisimdanganye, tumbo langu limebandikana na mgongo.

Khamis ni fundi wa mafriji. Alileta nyumbani friji dogo bovu lililotupwa na mteja, akalifufua, akaliweka chumbani kwa kazi moja tu, vitambaa vya kuniwekea mwilini. Watoto wakaliita friji la matambara ya mama. Kitambaa kile cha baridi kikigusa kiwiko, kwa dakika chache niliweza kuwa mtu kama watu. Lakini mapenzi nayo huchoka. Nilikuwa nikijikuna nikiwa usingizini, godoro zima likitikisika, na yeye asubuhi apande ngazi za hoteli za watu. Ikafika hadi akawa analala kwenye kochi ukumbini. Tukaanza kusalimiana kama majirani: umeamkaje, salama, chai tayari. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa kuwa hatukuwa na cha kusameheana.

Bi Kidawa akatafuta njia zake. Nilikoga maji ya mwarobaini mpaka bafu likawa chungu. Alikwenda kwa sheikh, nikaandikiwa kombe, aya za zafarani kwenye sahani, zikayeyushwa kwa maji, nikanywa. Siyacheki hayo. Zile aya zilinituliza moyo wakati hakuna kingine kilichonituliza. Ngozi tu ndiyo haikusikia.

Vuli ilipokwisha, shangazi yangu Bi Mize wa Kizimkazi alianguka akavunjika mguu. Skuli zilikuwa zimefungwa, nikaenda kumuuguza, nikakaa likizo yote na zaidi kidogo. Kwa shangazi tulikula alivyozoea, samaki wa kuchoma, muhogo wa nazi, wali, ndizi mbichi, uji wa mchele asubuhi. Na polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga, muwasho ukapungua. Wiki za mwisho nilikaa uani kwa shangazi na mikono mitupu, jua likinipiga kwenye viwiko. Sote tulisema ni hewa ya bahari. Khamis alipokuja kunichukua alinishika mkono mbele ya shangazi bila haya, akaugeuza huku na huku, akasema, "Mashaallah, umenirudia."

Nilirudi Mpendae. Bi Kidawa alinipokea kwa chapati na maini. Kabla masika hayajaanza, vilengelenge vilikuwa vimejaa tena viwikoni.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Jirani yetu Bi Shuwea aliniita ukutani, nikaitika naam, akasogeza ushungi wake karibu na wangu.

"Mwanangu, mimi sisemi kitu. Lakini tazama mwenyewe. Ukiwa naye waumwa, ukiwa mbali naye wapona."

"Naye nani, Bi Shuwea?"

"Mimi sijataja mtu."

Nilimwambia astaghfirullah, nikaingia ndani. Lakini neno kama lile ukishalisikia halitoki. Jioni Bi Kidawa alipoweka sahani mbele yangu, mkono wangu ulisita, kidogo tu. Nilikula. Nilimchukia Bi Shuwea kwa kusita kule kuliko kwa jambo lolote lingine.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa ngozi aliyekuwa akiona wagonjwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, juu ya ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi moja refu, feni iliyozunguka kwa kusuasua, na televisheni isiyo na sauti. Tulikaa tumebanana, kila mtu ameficha sehemu yake. Nilikuwa nimeshapita vyumba vingi vya namna ile, na sikutarajia kitu.

Daktari Rahma alikuwa mwanamke wa umri wangu. Hakuniuliza tunalala wangapi. Alinishika mkono akanipeleka dirishani, akafungua pazia, akaugeuza mkono kwenye mwanga wa jua na kupitisha kidole chake juu ya kila doa.

"Ngozi zetu hazisemi kwa wekundu," alisema. "Lazima uzisogeze kwenye mwanga na uziguse. Nyuma ya shingo pia? Na matakoni? Pande zote mbili?"

Nilishtuka. "Umejuaje?"

"Bado sijajua. Lengelenge la mwisho lenye maji limetoka lini?"

"Jana. Lakini nshalikuna."

"Imewahi kukuacha kabisa?"

Nikamweleza Kizimkazi na hewa ya bahari. Akaniuliza bahari nilikuwa naingia, nikasema hapana, chumvi iliunguza vidonda. Akaniuliza nilikuwa nakula nini. Nikamtajia.

"Na mkate?"

"Shangazi hanunui mkate."

"Chapati? Maandazi?"

"Hapana. Chapati ni kwetu mjini, kwa mama mkwe."

Aliweka kalamu chini. Akaniambia ana dhana, lakini dhana si jibu. Jibu litapatikana kwa kipimo cha damu na kwa kukata kipande kidogo cha ngozi, na ngozi yenyewe iwe siku lengelenge jipya limetoka, halijaguswa. "Siku hiyo usipake kitu, usikune, njoo hata kama si zamu yako. Na sikiliza vizuri. Mpaka tumalize vipimo, usiache ngano. Ukiacha sasa, vipimo vinaweza kutudanganya."

Basi nikarudi nyumbani kula chapati nikiwa najua. Sijapata kula chakula kwa namna ile. Bi Kidawa akiniletea, mimi nazichana moja moja, nasikia samli, nasikia joto la mkono wake, na ndani yangu nasema pengine hizi ndizo za mwisho. Naye amejaa furaha. "Leo umekula," anasema. "Alhamdulillah, leo mwanangu kala." Ningemwambia nini?

Asubuhi moja nikiwa stoo ya vitabu, vilitoka. Vitatu, kwenye kiwiko cha kushoto, vimejaa, vinameta. Nilimpigia Khamis, akaja na Vespa lake na mtungi wa gesi ya mafriji bado umefungwa nyuma. Nilikaa nimejikumbatia, vidole nimevifumbata ili visifike kiwikoni. Khamis alijua. Njia nzima alipiga kelele akinihadithia mafriji ya wateja wake, lipi linavuja, lipi lina panya, ilimradi nisinyamaze na muwasho wangu. Tulipofika alikuwa amepaza sauti mpaka imekauka. Nilikuwa sijajikuna.

Walinichoma sindano ya ganzi, wakakata kipande kidogo, si lengelenge lenyewe, pembeni yake, kwenye ngozi iliyoonekana nzima. Kikatiwa kwenye dawa yake maalumu na kuvushwa ng'ambo, kwa kuwa hapa kwetu kipimo hicho hakikuwepo. Tukangoja. Ramadhani ikaingia na kutoka tukingoja. Nilikula sambusa na tambi za futari kama mgonjwa anayekunywa dawa.

Baada ya Idd, Daktari Rahma akaniita. Alinitajia jina la ugonjwa, refu, la kigeni, ambalo mpaka leo nalisoma polepole. Maana yake kwa maneno ya nyumbani ni kuwa mwili wangu haupatani na ngano, na ugomvi wao unatokea kwenye ngozi.

"Unaambukiza?" Hilo ndilo nililouliza kwanza.

"Hauambukizi. Hata kidogo."

"Nna kosa gani nlilofanya?"

"Hakuna ulichofanya. Umezaliwa nao, ukaamka baadaye. Tutautuliza kwa vidonge kwanza. Lakini ngano uiache, na shayiri pia. Si mwezi, si mwaka. Daima."

Ningeweza kucheka au kulia. Nilikuwa na jina. Nilikuwa na karatasi ya kumpelekea mwalimu mkuu. Lakini nikishuka zile ngazi, nilichokiwaza ni Bi Kidawa na kibao chake.

Kwenye duka la dawa chini ya kliniki, muuzaji alisoma cheti akauliza kwa sauti watu wote wakasikia, "Hii si dawa ya ukoma?" Foleni ikasogea nyuma. Nilipanda tena ngazi. Daktari Rahma akashuka mwenyewe nami. Alimweleza yule muuzaji, kwa sauti ile ile ya kusikika na wote, kwamba dawa moja inaweza kutibu maradhi mawili na kwamba mimi sina ukoma. Kama nawe utapewa dawa hiyo, dapsoni, usikimbie kama nilivyotaka kukimbia. Ila usiitumie kabla hawajakupima damu, kwa sababu wapo wengi kwetu ambao damu yao haiiwezi. Yangu iliiweza. Usiku wa tatu nililala mpaka adhana ya alfajiri. Niliamka nikamkuta Khamis kitandani, amelala mdomo wazi. Sikumwamsha. Nilikaa namtazama.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia mama yake.

"Usimwambie," Khamis alisema. "Mama ataumia. Tutafanya kimya kimya."

Tukafanya kimya kimya. Chapati zangu nikawa nawapa watoto, nikasema nimekula skuli, nikasema tumbo. Wiki haikwisha. Siku moja alisimama mlangoni mwa jiko na sahani niliyoirudisha haijaguswa.

"Siku hizi huli mkono wangu, Salma."

"Mama, si hivyo."

"Shuwea keshakwambia nini? Maana na mie nshasikia. Kuta za Mpendae zina masikio, lakini zina na midomo pia. Wasema nimekulisha kitu."

Nikimwambia mimi mwenyewe kwamba chakula chake ndicho kilichonidhuru, na jirani keshasema alivyosema, angesikia nini? Nikamwomba jambo moja tu, twende wote kwa daktari, aisikie kwa mwenye kujua.

Alivaa buibui lake la kwendea harusini. Kwenye chumba cha kungojea alikaa wima kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Daktari Rahma akamwamkia, "Shikamoo Bi Kidawa." "Marahaba mwanangu." Akamweleza polepole, bila haraka, kuhusu ngano, kuhusu mwili wangu, kuhusu kipimo. Daktari alipomaliza, Bi Kidawa akatazama viganja vyake.

"Kwa hivyo mie ndo nlokuwa nkimla ngozi mwanangu."

"Si wewe, Bi. Ni ngano. Na angekula kwa mtu yeyote ingekuwa vivi hivi."

"Lakini hakula kwa mtu yeyote," alisema Bi Kidawa. "Alikula kwangu."

Alishuka ngazi ameshika ukuta. Kesho yake akafunga nguo zake, akasema anakwenda Kikwajuni kumsaidia Zuwena na watoto. Watoto wa Zuwena ni wakubwa, hawahitaji msaada wa mtu. Jioni Khamis aliniangalia akasema, "Si nlikwambia?" na hayo ndiyo maneno makali kuliko yote aliyonipa katika ugonjwa ule mzima. Nyumba ikawa kimya. Ngozi yangu ikawa inapona, vidonda vinafunga, ngozi mpya inatoka laini kama ya mtoto, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kufurahi. Bi Shuwea alimwambia kila aliyepita kwamba mama mkwe kaondoka na maradhi yameondoka naye.

Nikavumilia mpaka nikashindwa. Ijumaa moja baada ya skuli nikaenda Kikwajuni. Nilimkuta uani kwa Zuwena na ungo wa mchele, anachambua mchele ambao tayari ulikuwa safi.

"Nimekuja kukuchukua, Mama."

"Kunichukua nende nkafanye nini? Mie najua kazi moja."

"Watoto wanakuuliza."

"Wasalimie." Akapepeta ungo. Halafu akasema bila kunitazama, "Kila ulipozidi kuumwa nlizidisha. Nlikuwa nkiongeza samli, Salma. Nkisema hii itamtia nguvu."

"Na mie nlikula. Hata baada ya daktari kunambia, nlikula mpaka walipomaliza kunipima. Nlikula kwa raha, kwa sababu ni zako."

Akaacha ungo. "Ulikuwa ushajua?"

"Nlikuwa nshajua."

"Na ukaniacha nkishukuru umekula."

"Ningefanyaje, Mama? Ulikuwa umefurahi."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pindo la kanga, akakasirika kwamba yametoka. Nikaona hapo ndipo pa kusema niliyokuja nayo.

"Ukikaa huku, unampa Bi Shuwea ushahidi. Rudi nyumbani wakuone unanipikia na mie napona."

Akajifunga kanga upya. "Nyumbani kuna unga wa mchele?"

"Hakuna."

"Nyumba gani hiyo!" Akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake. "Tupite sokoni Darajani kwanza."

Sitasema ilikuwa rahisi baada ya hapo. Chapati yake ya kwanza ya unga wa mchele ilipasuka mikononi kama udongo mkavu, ya pili ikashika kikaango, ya tatu akawatupia kuku na kuku nao wakaifikiria. Akaachana na chapati, akarudi kwenye vitu alivyojua tangu utoto ambavyo sote tulikuwa tumevisahau kwa ajili ya boflo, mkate wa dukani. Mkate wa kumimina wenye harufu ya iliki, vitumbua, muhogo wa kukaanga. Urojo, ambao nilikuwa nimeulilia kimoyomoyo, akaukoroga kwa unga wa muhogo badala ya ngano mpaka ukawa mzito wa kutosha. Akaniwekea kikaango changu na mwiko wangu, na ole wake mtoto atakayeupitisha kwenye unga wa ngano. Khamis anakula chapati bado, lakini anakula barazani, mama yake kamwamuru.

Vitumbua vya kwanza vilivyokubali, Bi Kidawa alivipanga kwenye sahani na kuifunika kawa. "Mpelekee Shuwea," aliniambia. "Mwambie kapika mama mkwe. Na kimoja ule mbele yake." Nikapeleka, nikala mbele yake. Bi Shuwea alikula viwili, akasifu, na tangu siku ile ukuta wetu umetulia.

Nilirudi darasani kusi ilipoanza kuvuma, na karatasi ya daktari mkononi. Mara moja harusini nilikula katlesi nikisahau ina chenga za mkate, na shingo ikaniwaka siku kadhaa. Najifunza kuuliza, na kuuliza mbele ya mwenyeji wa Kizanzibari ni kazi ngumu kuliko kuumwa. Vidonge vimepunguzwa, damu bado napimwa. Madoa yapo. Kwenye viwiko yamefifia, kwenye magoti yameweka kambi. Daktari Rahma anasema yatachukua muda wake, kwa ngozi zetu doa ndilo la mwisho kuondoka. Namwambia sina haraka nayo.

Bi Kidawa sasa hakubali niende kliniki peke yangu. Mara ya mwisho tulikaa kwenye benchi lile lile refu, na pembeni yetu alikaa kijana wa kiume, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka chini, uso umechoka. Alikuwa akijikuna kiwiko juu ya shati, akiacha, akirudi. Bi Kidawa alimtazama hivyo mpaka mimi nikaona haya.

"Kijana," akasema. "Na nyuma ya shingo?"

Kijana akageuka. "Naam, Bi?"

"Nyuma ya shingo pia kunawasha? Na magoti? Huku na huku?"

"Ndiyo, Bi. Wameniambia ni mzio. Nimepaka kila kitu."

"Kuna kilichojaa maji leo?"

Akavuta mkono wa shati kidogo. Vilikuwepo viwili, pembeni mwa magamba. "Usiviguse," Bi Kidawa akamwambia. "Daktari avione hivyo hivyo. Nyumbani nani anapika?"

"Mama."

"Anapika nini?"

"Mama," nikamnong'oneza Bi Kidawa, "hajaonwa hata na daktari. Pengine si hii."

"Pengine si hii," alikubali, lakini hakuondoa macho kwa yule kijana. "Anapika nini mamako?"

Kijana akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tukae. "Maandazi, Bi. Mtaa mzima unajua maandazi ya mama."

Bi Kidawa aliweka mkono wake juu ya mkoba, akanyoosha vidole, akavikunja. Mlangoni wakamwita kijana jina lake, akasimama kwa haraka. Bi Kidawa akamshika upindo wa shati.

"Sikiliza, mwanangu. Akikwambia daktari kwamba ni ngano, usende ukamwambie mamako peke yako. Mlete hapa. Mie huja na huyu kila mwezi." Akaachia shati. "Mlete, ntakaa naye."